Herufi T kwenye rejista ya mwanangu

Barua ililetwa jioni na kiranja wa darasa la saba. Mimi nilikuwa barazani nachambua korosho, daraja la kwanza huku, daraja la pili kule. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na ndani yake mistari mitatu tu: mzazi unahitajika shuleni kesho saa mbili asubuhi bila kukosa, kuhusu utoro wa mtoto wako, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Niliisoma mara mbili. Nikamwambia yule kijana amekosea nyumba. Akasoma jina la mwanangu kwa sauti, akasema, "Samahani mzee, ni hapahapa," akaaga.

Mwanangu alikuwa darasa la sita. Kila siku alitoka nyumbani mapema, sare mwilini, na mkononi ama fagio ama kidumu cha maji, kutegemea zamu yake. Sisi tuko upande wa Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida ya tangu babu zetu, kwa hiyo mtoto kwenda shule na kidumu hakumshangazi mtu. Hupita katikati ya mikorosho kwa nusu saa hivi mpaka afike. Mchana hurudi, anakula, anatoka kucheza. Huyo ndiye niliyeambiwa ni mtoro.

Usiku ule sikumuuliza kitu. Nilitaka kwanza nisikie wanavyosema wenyewe.

Asubuhi nilimkuta mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mtendaji. "Mzazi, karibu ukae," mwalimu wa darasa akaniambia, akafungua rejista ya mahudhurio. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu tangu nilipomaliza shule mwenyewe. Aliweka rula chini ya jina la mwanangu ili macho yangu yasihame mstari. Kistari cha wino wa bluu ni siku mtoto aliyokuwepo. R ni mwenye ruhusa, M ni mgonjwa, T ni mtoro, na pale shuleni kwetu T huandikwa kwa wino mwekundu. Mstari wa mwanangu, kuanzia Oktoba kuja Novemba, ulikuwa mwekundu. Tulihesabu wote wawili, yeye akitaja tarehe mimi nikikunja vidole. Siku 17. Mwanzo ni moja moja, kisha mbili mbili, na wiki ile ya mwisho hakufika hata siku moja.

Nikiwa bado nameza hayo, mwalimu akafunua nyuma mpaka Machi. T nyingine sita, zimefuatana.

Hapo nikapandwa na hasira, kwa sababu siku zile sita nilizijua moja moja. Mtoto alianza kutetemeka Jumapili usiku. Asubuhi nikampakia kwenye baiskeli, mama yake akimshikilia kwa nyuma, mpaka zahanati. Kipimo kikasoma malaria. Akapewa dawa mseto, asubuhi na jioni kwa siku tatu, na baada ya dawa kwisha akabaki amelegea, hata uji hataki. Nikasema, "Mwalimu, hizi hazikuwa za utoro. Huyu alikuwa kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa namnywesha dawa."

Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Pole sana mzazi. Ulimwambia nani hapa shuleni?"

Nilikuwa nimemwambia mtoto wa jirani. Wa darasa la tatu. Jumatatu ile nilimwita akipita, nikamwambia amwambie mwalimu kuwa mwenzake anaumwa. Kama alisema, kama alisahau, kama alimwambia mwalimu wake mwenyewe asiyemfundisha mwanangu, sikufuatilia. Na karatasi ya zahanati, yenye tarehe na jina la dawa, niliichomeka kwenye fito za paa chumbani. Ilikuwa bado ipo pale siku hiyo ninapoulizwa. Siku ya saba mtoto alipopata nafuu nilimruhusu arudi shule mikono mitupu, bila hata kipande cha karatasi.

Wakamwita aingie. Alisimama karibu na mlango, macho chini. Mwalimu mkuu akamwambia asiogope, aseme alivyoanza. Nilidhani ataanza na Oktoba. Akaanza na Machi.

Alisema siku aliyorudi kutoka kuumwa, mwalimu wa zamu aliwatoa mstarini wote waliokosa bila ruhusa. Alisema alikuwa anaumwa. Akaulizwa karatasi iko wapi. Hakuwa nayo. Akachapwa viboko viwili pamoja na wale waliokuwa wametega. Jioni hakuniambia, na mimi sikumuuliza siku yake ilikwendaje. "Nikaona ni sawasawa tu," alisema. Nikamuuliza nini kilikuwa sawasawa. Akajibu kwamba ukiumwa unaandikwa T na unachapwa viwili, ukitega unaandikwa T na unachapwa viwili, na nyumbani hawaulizi.

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Mtoto wa miaka 12 alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa, na namba alizotumia tulimpa sisi wakubwa, mimi wa kwanza.

Oktoba ilipofika korosho zikaanza kudondoka. Wenzake wawili wakubwa, waliokwisha kuacha shule, walikuwa wanaokota kwenye mashamba ya watu saa ambazo wenye mashamba wako kwenye mnada au wanapeleka mizigo ghalani. Akajiunga nao. Mfuko wake wa shule waliuficha kwenye kichaka. Korosho waliwauzia wanunuzi wa kangomba, wale wanaopima kwa bakuli usiku nje ya ushirika, ingawa kwetu Mtwara korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, yaani mkulima anapima kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, korosho zinawekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Mtoto hawezi kwenda kupima kwenye chama cha msingi na korosho za kuokota, ataulizwa shamba lake liko wapi. Wa bakuli hamuulizi mtu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa ndani ya nyumba yangu, unaanikwa kwenye kamba kila Jumamosi. Aliyekulia kusini anajua doa la bibo, lile tunda linaloshika korosho. Maji yake yakidondokea nguo nyeupe, mwanzo huoni kitu, ukishafua ndipo linajitokeza, kahawia kama kutu, na halitoki tena. Mama watoto alikuwa amelalamika wiki tatu mfululizo kuwa mashati ya shule yameharibika mikononi na kifuani. Kifuani ndiko wanakoyakumbatia mabibo wakiyabeba kwenda kuyanyofoa. Nikamjibu kwamba mtoto anatusaidia shambani Jumamosi, doa lazima lije. Sikujiuliza kwa nini awe anatusaidia Jumamosi na shati la shule.

Mtendaji alisema yake. Alinikumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto anapofikisha miaka saba, na haiishii hapo: inamtaka ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Kwamba mtoto asipoonekana siku 90 mfululizo bila taarifa anahesabiwa ameacha shule. Kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umefungua mlango kwa waliokatiza masomo kurudi, lakini kurudi darasani baada ya kuzoea hela ya korosho ni mlima. Sikupata la kubisha. Nilijua sheria ya kuandikisha. Ya kuhudhuria nilidhani ni kazi ya walimu. Na nitasema jambo ambalo wazazi wenzangu wengine hawalipendi. Zamani tulikuwa tunakanyaga shuleni kwa sababu ya michango, na ukienda kulipa unasikia habari za mtoto. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 nimefurahi kama kila mtu mwenye watoto wanne, ila nami miguu yangu ilipoteza njia ya shule.

Lakini pia sikutoka pale bila kusema langu. Nilimuuliza mwalimu: siku 17, hakuna aliyenitumia hata salamu? Mimi nipo, shamba langu linajulikana, namba yangu ya simu ipo kwenye fomu ya kuandikishia mtoto. Mngeniita siku ya pili ningekuwa hapa siku ya tatu. Mwalimu alinyamaza kidogo. Akasema darasa lake lina watoto 87, msimu wa korosho hukosa 20 au 30 kwa siku, na yeye hana njia ya kujua nani yuko kitandani, nani kapelekwa shamba na wazazi, nani katega. "Wote kwangu ni T," alisema. "Nikiwafuata wote siwezi kufundisha. Nisipowafuata wote, wa kwako anapotea humohumo."

Hapo ndipo nilipoelewa taarifa ya mzazi inafanya kazi gani. Nilikuwa nadhani ni adabu, kama kubisha hodi. Kumbe ukimwambia mwalimu mwanao anaumwa, unamwondoa kwenye lile kundi la 30. Wazazi 25 wakifanya hivyo, watabaki watano ambao hakuna aliyewasemea, na mwalimu mmoja anaweza kuwafuata watoto watano.

Kikao cha wazazi kilifuata baada ya wiki mbili, chini ya mwembe wa shule, na niliomba kusema. Nilisimulia kama ninavyosimulia hapa, pamoja na viboko vya Machi. Walimu wawili hawakupenda. Mwalimu mkuu aliniacha nimalize. Tuliyokubaliana siku hiyo hayakuwa makubwa. Kila mwalimu wa darasa akaandika namba yake ubaoni, wenye simu wakanakili, wasio na simu wakaelekezwa kwa mwenyekiti wa kitongoji chao. Kabla ya saa nne asubuhi kiranja wa kila darasa anapeleka ofisini majina ya wasiofika na wasio na taarifa, na mwalimu wa zamu anapiga simu au anatuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo. Na mtoto anayerudi bila karatasi hachapwi kabla mzazi hajaulizwa. Hili la mwisho ndilo lililojadiliwa sana, mpaka jua likahama. Mimi nililishikilia kwa nguvu zote, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo ya kesho hukosa na kesho yenyewe. Siku moja ya homa inageuka wiki ya kujificha.

Karatasi yenyewe si kitu cha kumtisha mtu. Yangu huwa hivi, kwenye ukurasa wa daftari la zamani: kwa mwalimu wa darasa la pili, mwanangu fulani bin fulani hatafika leo tarehe hii, ana homa tangu usiku, tunampeleka zahanati, natarajia atarudi Alhamisi, asipopona nitatoa taarifa tena, jina langu, kitongoji, namba ya simu. Dakika tatu. Akirudi anabeba na karatasi ya zahanati, mwalimu anaiangalia, anaandika M, anamrudishia. Kwa simu ni hivyohivyo, tena natuma kabla kengele haijagongwa, kwa sababu taarifa ya saa nane mchana haimsaidii mtu aliyekwisha kuhesabu watoto saa mbili.

Mwalimu wangu mkubwa katika hili ni bibi mmoja jirani yetu anayelea wajukuu wawili. Hajui kusoma. Kaya yake ipo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, na kwenye mpango huo mahudhurio ya watoto wa kaya yanaangaliwa, asilimia 80 ya siku za shule. Kwa hiyo bibi huyu tangu zamani alikuwa hapati usingizi mjukuu akikosa shule. Alikuwa anakwenda mwenyewe na mkongojo mpaka mlangoni pa darasa, anasimama, anasema, "Mwalimu, wa kwangu leo yuko ndani, tumbo," anageuka. Mimi mwenye baiskeli na simu nilikuwa nampita njiani. Siku hizi ananiita nimwandikie, na akimaliza kutaja maneno ananitaka nimsomee niliyoandika, nisije nikaongeza langu.

Kuna suala la uongo, na hapa nawaomba wazazi wenzangu. Baada ya utaratibu kuanza, karatasi za "anaumwa" zilizidi. Msimu wa ufuta na wa korosho, nusu ya magonjwa yalikuwa shambani. Naijua njaa ya msimu, najua mvua ikitishia na korosho ziko chini unatamani kila mkono uliomo nyumbani. Lakini ukimwandikia mwalimu uongo mkononi mwa mtoto mwenyewe, umemfundisha aliye na umri wa miaka kumi kwamba karatasi ni ya kudanganyia. Kesho atajiandikia. Mara moja nilimzuia binti yangu, mdogo wake alikuwa amelazwa kituo cha afya na mama yao yuko naye, mimi niko zamu ya ulinzi wa ghala. Nikaandika kama ilivyo: nimemzuia mwenyewe kwa siku moja, hakuna mtu wa kubaki na wadogo, kesho atafika. Mwalimu alinijibu kwa ujumbe kuwa ameandika R na kwamba nisirudie. Nilistahili. Sikurudia.

Ipo na homa ya binti ambayo si homa. Binti akikosa siku tatu nne kila mwezi na karatasi inasema kichwa, mwalimu wa kike anajua. Mama watoto alinishauri tusifiche. Akaenda kuzungumza na mwalimu wa malezi ana kwa ana, na kumbe shuleni taulo za dharura zilikuwepo na chumba kilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Siku zile zikapungua mpaka zikaisha. Na la jando na unyago, viongozi wetu wa wilaya wamekuwa wakisisitiza ngoma zifanyike likizo, Juni au Desemba, na wazee wengi wameelewa. Anayebaki anamtoa mtoto wiki mbili katikati ya muhula kimyakimya, kisha anamrudisha mwali darasani kama vile hakuna kilichotokea. Huyo angekwenda kusema mapema, angeambiwa tarehe ya likizo, na ngoma ingechezwa vilevile.

Nimalizie na jambo lililotokea mwaka uliofuata, kwa sababu ndilo lililowanyamazisha waliokuwa wanaona utaratibu huu ni usumbufu. Kuna mama mmoja wa kitongoji cha pili, mjane, ambaye hakuwahi kuacha kutoa taarifa. Binti yake akikohoa tu, ujumbe umefika. Jumanne moja binti hakufika na ujumbe haukufika. Saa tatu na nusu kiranja alipeleka majina. Mwalimu aliliona jina lile, akasema huyu si kawaida yake, akapiga simu papo hapo. Mama alikuwa shambani, simu iko juu kwenye mti ambako mtandao unashika. Akasema binti kaondoka nyumbani na sare.

Mwalimu hakusubiri. Akampigia mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akawapigia vijana wa bodaboda. Walimkuta stendi, amevaa dera juu ya sare, amekaa karibu na mwanamke mgeni aliyemwahidi kazi za ndani Dar es Salaam, basi la kwenda Mtwara likiwa linapakia. Mwanamke alipoona watu wanakuja aliingia kwenye kundi la abiria, hakuonekana tena. Binti alirudi nyumbani mchana huohuo. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Watoto wengine kumi na mmoja hawakuwa na taarifa siku ile. Wa kwao mwalimu angewapigia saa nne, kwa zamu, kama kawaida. Wa mama yule alipigiwa kwanza kwa sababu ukimya wake ulikuwa mgeni.

Mwanangu yuko sekondari sasa. Darasa la saba alilimaliza bila T hata moja; nilikwenda kuangalia mwenyewe, kwa rula. Hatuzungumzii sana mwaka ule. Ila mwezi uliopita mdogo wake aliamka macho yamevimba, mekundu, yanatoa tongo. Nikakaa barazani alfajiri naandika karatasi kwa mwanga wa tochi ya simu, naye akasimama nyuma yangu akisoma begani. Aliniacha nikamaliza na kuweka saini. Akaichukua, akaiangalia tena, akaniambia, "Baba, tarehe umeandika ya jana," akanirudishia na kalamu.